Tochi Iliyolia Kabatini

Katika hoteli niliyofanyia kazi Malindi, miaka ile ya themanini, kulikuwa na kabati la chuma la kijivu ambalo wafanyakazi wote waliliita rumande. Kabati lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa mashine, cheo nilichokipenda kuliko nilivyopaswa, na ndani ya kabati lile nilifungia kila kifaa ambacho mfanyakazi alikitoa nyumbani kwake akakitumia kazini bila idhini yangu, na kila kimoja nilikiandika kwenye kitabu changu. Humo mlikuwa na redio kaseti ya mpishi wa keki, birika la umeme la dobi, saa ya mkononi ya karani wa stoo iliyokuwa na vitufe vya hesabu vidogo mno hata akavibonyeza kwa njiti ya kiberiti, na feni moja ya mezani ambayo mwenyewe hakuwahi kujitokeza. Vingi vilikuwa zawadi za watalii. Mtalii alikuwa akifunga mizigo, akiona haviingii, anavigawa, na kesho yake asubuhi mimi ninavikuta vimechomekwa kwenye umeme wa hoteli.

Nilikuwa na sababu zangu. Hewa ya pale ufuoni ina chumvi, na chumvi hula mashine. Nilipofika kutoka bara nilikuta taipureta zimeshika kutu hadi herufi zinanasa, teleksi inakohoa, na mashine ya stensili haitaki hata kuzunguka. Nilizisafisha moja moja kwa mafuta na brashi ya meno. Kila moja niliishonea nguo yake kwa mashuka mabovu ya hoteli, nikaiandika namba kwa rangi nyeupe mgongoni, na jioni hakuna aliyetoka ofisini kabla mashine yake haijavikwa. Watu walinicheka. Walisema nimezaa mashine kumi na moja na zote nazivalisha sare. Lakini mashine zilifanya kazi, na mtu aliyekuja na kidude chake cha nyumbani, kisicho na namba wala nguo, nilimwona kama aliyeingia sebuleni kwangu na viatu vya matope.

Mpwa wangu siku hizi ndiye anayesimamia kompyuta za kampuni moja, na akija kunitembelea hunilalamikia kwamba wafanyakazi wanaleta simu zao na kompyuta zao, wanaziunganisha na za kampuni, naye hajui azuie au aachie. Shangazi, wewe ungefanyaje, huniuliza. Humjibu kwamba mimi si mtu wa kuulizwa swali hilo, kisha namsimulia habari za opereta wetu wa simu.

Opereta alikuwa mtu wa Ganze, wa makamo, mwembamba, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi kila siku. Alikuwa haoni. Surua ilimchukua macho akiwa na miaka minne. Shule moja ya wasioona huko bara ilimfundisha kusoma kwa vidole, na baadaye akafunzwa kazi ya simu, kazi ambayo zama zile wengi wasioona waliifanya vizuri kuliko sisi wenye macho. Swichibodi yetu ya zamani ilikuwa na safu za vifuniko vidogo vya shaba, kimoja kwa kila laini. Chumba kikipiga simu, kifuniko chake kilidondoka kwa mlio mdogo, tak. Opereta alisikia kilikodondokea, kidole kikaenda papo hapo, akachomeka waya, akasema, "Hujambo, nikusaidie nini?" kwa sauti ambayo wageni waliizungumzia hadi kwao. Alijua sauti za watu wote. Nikimpigia nikiwa na mafua alinishauri ninywe maji ya ndimu kabla sijasema nataka nini.

Kitu kimoja lazima nikiseme, maana habari yote imesimama hapo. Sote pale hotelini tulikuwa tumesahau kwamba haoni. Si kwamba tulijitia hamnazo, tulisahau kweli. Meneja alikuwa akimwachia vikaratasi mezani vilivyoandikwa kwa mkono, naye akasubiri mtu apite amsomee. Mimi nilibandika kanuni zangu ukutani chumbani mwake, ukurasa mzima, nikamuuliza kama amezielewa. Siku moja nilimkaripia kwa kuacha taa ikiwaka mchana kutwa. Akasema, "Samahani, dada, sikujua kama inawaka," nami nikatoka nimeridhika, nikafika nusu ya ukumbi ndipo nikasimama. Nilicheka peke yangu. Sikurudi kumwomba radhi, kwa sababu wakati ule sikuwa mtu wa kumwomba radhi aliye chini yangu.

Swichibodi ile ilikuwa ikifa. Chumvi ilikuwa imeingia ndani kabisa, na vifuniko vingine vilidondoka vyenyewe bila mtu kupiga. Nilimwandikia meneja barua tatu, akakubali, akanituma Mombasa nikachague mpya. Nilivaa gauni langu la Jumapili. Dukani walinionyesha tatu, na mimi nikachagua ile ambayo macho yangu yaliipenda tangu mlangoni. Ilikuwa pana, nyeusi, laini kama meza ya mninga, na kila laini ilikuwa na kitufe chenye kitaa chake. Haikudondosha kitu. Haikupiga tak. Laini yoyote ikiita, kulikuwa na mlio mmoja wa chini wa kuamsha, uleule kwa zote, na kitaa kinawaka. Nilitia sahihi karatasi za dhamana nikiwa nimenyoosha shingo.

Niliporudi Malindi sikupita hata kwangu. Nilikwenda moja kwa moja chumba cha simu kumpa habari opereta. "Hakuna tena hizi takataka za kudondoka," nikamwambia. "Kimya kabisa. Taa tu. Nyekundu ni laini za nje, kijani ni za vyumba. Imependeza, utaona."

"Kimya kabisa?" akauliza.

"Kabisa," nikasema, na kifua kimenijaa.

Alipangusa meza kwa kiganja. "Hongera, dada," akasema.

Fundi wa kampuni ya simu alikuja na mashine wiki iliyofuata, akaifunga ukutani kando ya ile kuukuu. Alipomaliza alivuta kiti, akauliza opereta ni nani, aje afundishwe. Opereta akainuka kwenye kona yake, akaja akigusa meza kwa fimbo yake nyeupe. Fundi akamtazama. Kisha akanitazama mimi. Ndipo nilipokumbuka. Niliona vitaa vile vinawaka na kuzimika, vyekundu na vya kijani, kimya kabisa kama nilivyojisifu.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa bara kama mimi, mwenye haraka, na alichukia kitu chochote kilichomfanya asimame kukifikiria mara mbili. Alisema mashine imeshanunuliwa na haiwezi kurudi, ya zamani itang'olewa mwisho wa mwezi, na baada ya hapo hana kazi ya kumpa opereta. Atamwandikia barua nzuri. "Mama, hii ni hoteli," akaniambia. "Simu zisipopokelewa hatuna hoteli." Nilikuwa na mengi ya kusema, la kwanza likiwa kwamba kosa ni langu. Nilifyata ulimi. Siku ileile akaniletea tangazo la kazi ya opereta mpya, nilichape, nami nikalichapa.

Nilikwenda kwa opereta nikiwa na maneno ya kumpoza. Nilimwambia labda kutapatikana kazi kwingine, Mombasa au Kilifi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Kwingine nako wataleta za taa," akasema. "Nikirudi Ganze nitakaa, dada. Wewe hujui kukaa. Kule wanajua kulima, kuchoma makaa, kutembea kutwa kutafuta maji. Mimi mtu atanishika mkono asubuhi anikalishe mahali, jioni aje anitoe. Mke wangu hajawahi kuniona nikiwa hivyo. Aliniposa nikiwa na kazi."

"Alikuposa wewe?" nikauliza.

"Ulimi umeteleza. Nilimposa mimi," akasema, akacheka. "Lakini hata ningeposwa ningekubali." Mimi sikuweza kucheka.

Baada ya hapo alianza kutoka saa ya chakula. Zamani alikula pale pale chumbani, wali na mchuzi kutoka jikoni. Sasa alichukua fimbo yake na kuondoka, akarudi anatota jasho dakika moja kabla ya muda. Nilidhani anatafuta kazi mjini na nikafurahi kwa ajili yake. Kisha wiki mbili hivi zikapita, akaacha kutoka. Siku moja saa saba mchana nilipita karibu na chumba cha simu nikasikia mlio mwembamba, kama mbu aliyeingia sikioni. Nikafungua mlango bila kubisha.

Alikuwa ameketi mbele ya mashine mpya, ambayo ilikuwa ikiwashwa mchana kwa majaribio. Mkononi alikuwa na kitochi cha bati, cha ukubwa wa kalamu nene, chenye waya mwekundu uliozungushiwa karatasi ya gundi. Alikipitisha polepole juu ya vitaa, safu kwa safu. Juu ya kitaa kilichozimika kilinyamaza. Juu ya kitaa kilichowaka kilitoa ule mlio. Kidole chake cha mkono wa pili kilikuwa kikifuata nyuma, na kila kiliposikika mlio kilibonyeza kitufe. Alikuwa akitabasamu peke yake. Nimemwona mtu akitabasamu namna ile mara chache, na mara nyingi ni mama aliyeshika mtoto mchanga.

Na mimi nikakitwaa. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu nimewahi kusimulia habari hii nikiruka hapo. Dhamana niliyotia sahihi ilisema kifaa chochote cha nje kikiunganishwa na mashine, kampuni itanawa mikono. Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa. Sababu ya kweli ni kwamba nilikuwa na aibu, na mimi nikiona aibu huwa mkali. Nilinyoosha mkono nikasema, "Nipe hicho." Akakiweka kiganjani mwangu bila ubishi.

"Utakiandika kitabuni, dada?" akauliza.

"Nitakiandika," nikasema. Na nilikiandika. Bado nayakumbuka maneno: tochi moja, haitoi mwanga, inalia.

Kilichofuata kilinipata kwa ujinga wangu. Sikujua kitochi kile kinazimwaje, nikakifungia kabatini kikiwa kimewashwa. Gizani kilinyamaza. Lakini kabati lile ndimo nilimohifadhi tepe za taipureta, karatasi za stensili na mafuta yangu ya mashine, na nililifungua mara kumi kwa siku. Kila nilipovuta mlango, mwanga ukaingia, na kitochi kikalia. Nikifunga, kinanyamaza. Nikifungua, kinalia tena, palepale, bila kuchoka. Karani wa stoo alikuja kuomba utepe, akasikia, akauliza nimemfungia nani humo. Nilimwambia aende zake. Siku ya pili nilikuwa nikifungua mlango kwa ufa wa kidole, naingiza mkono kama mwizi, na bado kilinisikia. Betri ilikuwa ikififia na mlio ukawa dhaifu, na huo ulinichoma zaidi kuliko ule mkali.

Jioni ile nilikitia kwenye mkoba nikaenda mji wa kale, kwa fundi wa redio. Nilimjua kwa sifa, na mjini hakukuwa na mwingine wa kutengeneza kitu kama kile. Alikuwa mzee wa pale pale, mwenye kofia ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, na miwani iliyofungwa kwa uzi, na duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichojaa redio zilizofunguliwa matumbo. Nikampa shikamoo. Akaitika marahaba, akaniita mwanangu, akaniondolea redio moja kwenye kigoda nikae. Nilipoweka kitochi mezani alikitazama kwa mapenzi.

"Ehe. Betri yake yaisha," akasema. "Mwenyewe yu wapi?"

Nikamwambia mimi ndiye msimamizi wa mashine za hoteli na nimekitwaa. Nilitaka kujua kimeunganishwaje na mashine, na kama kitaiharibu.

"Hakikuunganishwa na kitu," akasema fundi. "Mle ndani mna jicho la kamera. Kamera ilitiwa maji na mtalii, akanipa bure. Jicho lile lilikuwa lapima mwanga. Mimi nimelitia lehemu na kipaza sauti cha redio, basi. Haligusi mashine yenu. Laitazama tu. Yule bwana alikuja hapa kila siku adhuhuri, jua kali, akaniambia, mzee, mimi nataka kitu kitazame kwa niaba yangu. Tumeharibu matano kabla ya hili."

"Kanuni yangu inasema hakuna kifaa cha nyumbani kazini," nikasema, na nilisikia sauti yangu imenywea.

Mzee alinitazama juu ya miwani yake. "Hiyo miwani uliyovaa, mwanangu, ni ya hoteli?"

Mkono wangu ulikwenda usoni wenyewe. Nilivaa miwani tangu nikiwa shule. Bila miwani nisingesoma hata namba nilizoziandika mwenyewe kwenye mashine zangu. Nilitoka nayo nyumbani kila asubuhi, nikafanya nayo kazi kutwa, nikarudi nayo, na haikunijia akilini kamwe kwamba ni kifaa. Sikuona hata aibu pale, niliona nimefunguliwa. Fundi alitia betri mpya, akanionyesha mahali pa kuzimia, akakataa malipo.

Asubuhi nilipiga moyo konde nikaingia kwa meneja. Nilimweleza kwamba kosa la mashine lilikuwa langu tangu dukani, na nikawasha kitochi juu ya taa yake ya mezani, kikalia, akashtuka. Nilimwambia nimempigia yule fundi wa kampuni ya simu na amesema kitu kisichogusa mashine hakivunji dhamana. Meneja alifikiri, na kama nilivyosema, hakupenda kufikiri. "Ijumaa," akasema hatimaye. "Wageni wapya wanafika asubuhi. Swichibodi mpya peke yake, na yeye peke yake, hadi adhuhuri. Akiweza, abaki. Akishindwa, ni mwisho wa mwezi kama tulivyosema, na usiniletee tena habari hizi."

Ijumaa saa mbili opereta aliketi. Nilikaa nyuma yake, nimefungwa mdomo na yeye mwenyewe, maana aliniambia nikisema "kushoto" au "kulia" atahesabu ameshindwa. Mwanzoni alikwenda vizuri hata nikajisahau. Mlio wa kuamsha, kitochi kikapita, kikalia, kidole kikabonyeza, "Hujambo, nikusaidie nini?" Labda alichelewa kidogo kuliko zamani, lakini sauti ilikuwa ileile. Basi la kwanza la wageni lilifika, laini zikaanza kuingiana, na bado alizifuata.

Kisha kama saa tatu mambo yakaenda mrama. Kitochi kilianza kulia mfululizo. Akakirudisha juu, kikalia. Akakishusha chini kabisa, kwenye safu ambayo haikuwa na laini hata moja, kikalia. Alibonyeza kitufe kimoja, kimya. Kingine, kimya. Mlio wa kuamsha haukukoma. Shingo yake ilianza kulowa.

"Dada," akasema polepole, "nakuuliza si kwa kunisaidia. Zinawaka zote?"

"Mbili tu," nikasema.

"Kwangu zinalia zote."

Nilitazama ile mashine yangu nzuri, nyeusi, laini, na nikaona kinachong'aa juu yake. Jua. Chumba kile kilielekea baharini, na jua la asubuhi lilikuwa limepanda juu ya minazi hadi likafika dirishani, likamwagika juu ya vitufe vyote. Opereta alikuwa amefanya mazoezi yake yote saa saba mchana, jua likiwa limeshahamia upande wa pili wa jengo. Hakuwa na namna ya kulijua hilo. Na dirisha halikuwa na pazia, kwa sababu mwaka uliotangulia mimi mwenyewe nililitoa, mashuka yalipopungua, nikashonea nguo ya mashine.

Mkobani nilikuwa na leso yangu, niliyojifunga nikitembea kuja kazini ili gauni lisipate vumbi. Nilivua viatu, nikapanda juu ya kiti, nikaitandaza dirishani na kuibana kwenye vyuma kwa vibanio vya karatasi. Haikutosha, jua lilipita pembeni, nikaziba kwa mgongo wangu. Mlio ukakatika. Opereta alivuta pumzi, akapitisha kitochi tangu mwanzo. Kimya, kimya, kimya, kikalia. Akabonyeza. "Hujambo, samahani kwa kukuweka, nikusaidie nini?"

Meneja ndiye aliyekuwa kwenye laini ya pili. Alikuwa amepiga akachoka, akaja mwenyewe kwa miguu, na alipofungua mlango alinikuta nimesimama juu ya kiti cha hoteli peku, mikono nimeitandaza dirishani. Chini yangu opereta alikuwa akipokea simu moja baada ya nyingine. Meneja alisimama pale kwa simu sita au saba. Sikuthubutu kushuka.

"Hiyo leso ni ya hoteli?" akaniuliza mwishowe.

"Ni yangu," nikasema. "Nimetoka nayo nyumbani."

Alitikisa kichwa, na nilimwona anauma mdomo asicheke. "Basi andika ile kanuni upya," akasema, "kabla hujajifungia mwenyewe rumande." Akafunga mlango taratibu. Opereta hakugeuka, maana laini ya nje ilikuwa ikiita, lakini alinyoosha mkono nyuma akapapasa hewani hadi akapata kifundo cha mguu wangu, akakibana mara moja, akaachia.

Kuandika kanuni upya kulinichukua wiki nzima, kwa sababu kwanza nilifungua kabati nikawaita wenye vitu mmoja mmoja. Nilimuuliza kila mtu swali ambalo sikuwahi kuuliza nilipokuwa nikitwaa: hiki kinakusaidia nini? Mpishi wa keki alinieleza kwamba hakuwa akisikiliza muziki kwa starehe. Upande mmoja wa kaseti ukiisha ndio muda wa keki ya nazi kuiva, na tangu nimnyang'anye redio amekuwa akifungua oveni kila mara na keki zinabonyea. Wageni walikuwa wameshalalamika kuhusu keki zile na nilikuwa nimemlaumu. Karani alirudishiwa saa yake. Birika la dobi sikulirudisha, kwa sababu nililijaribu mbele yake likazima umeme wa upande mzima, naye akakubali kwamba ni shetani. Vilivyorudi niliviandika namba, nikavikagua kila mwezi chumvi isivile, na aliyetaka kuleta kingine alijua aje kwangu kwanza tukijaribu pamoja. Walikuja wengi, na nikawa mtu wa kwanza kujua nini kipya kimefika Malindi. Nilifurahia kazi ile kuliko nilivyofurahia kufunga. Mpwa wangu huniambia hilo si jibu, kampuni yake ina watu mia kadhaa. Humwambia aanze na mmoja.

Lililobaki ni moja, na nilikaa nalo karibu mwezi. Siku moja laini zikiwa zimetulia nilivuta kiti chumba cha simu, nikamuuliza opereta mbona siku ile niliporudi Mombasa hakusema kitu. Mashine ilikuwa bado haijatoka dukani. Angesema neno moja tu, ningerudi kuibadilisha, na haya yote yasingetokea.

Aligeuza kitochi mkononi kwa muda.

"Nilijua pale pale kazi yangu imekwisha," akasema. "Lakini dada, tangu nikiwa mtoto, kila anayeingia nilipo huyakumbuka macho yangu kwanza, ndipo anisalimu. Hata mama yangu. Wewe ulikuja mbio na vumbi la safari, ukaniambia nyekundu na kijani, ukaniambia nitaona. Sikutaka kukukatiza."

Nilimwomba radhi, kwa mdomo wangu, na machozi yalinitoka nikayaacha, nikidhani hatajua. Alijua. Alinisogezea leso yake ya mkononi juu ya meza, ikiwa imekunjwa vizuri. Nilitaka kusema jambo jingine, lakini laini ya nje ikaita, akainua kidole kunitaka ninyamaze, na mimi, msimamizi wake, nikanyamaza akapokea simu.